Mwenye kulinda goli, naye analindwa na nani?

Maneno tuliyosema mbele ya wasichana na wavulana wanaocheza mupira, siku ya mazungumzo yetu. Tumeyaandika karibu vile tuliyasema.

 

Ukisema "golikipa" hapa kwetu, kila mutu anaona Kidiaba. Anamuona kule Abu Dhabi mwaka wa 2010, Mazembe imefunga Internacional ya Brazili 2-0 katika Kombe la Dunia la Vilabu, naye anaruka-ruka kwa matako uwanjani, dunia yote inacheka na kushangaa. Siku ile tulikuwa wakubwa. Hatukuja kumuondoa Kidiaba kinywani mwa mutu. Lakini leo tunawaletea golikipa mwingine, mwanamuke, ambaye wengi kati yetu hawajasikia jina lake. Anaitwa Briana Scurry. Ni Mumarekani mweusi. Alikuwa golini siku Marekani ilichukua Kombe la Dunia la wanawake mwaka wa 1999, na ana medali mbili za dhahabu za Olimpiki.

Juu ya nini tunaenda kutafuta mutu wa mbali vile? Juu maisha yake yanatuuliza swali moja ambalo tumezoea kuliuliza katika mambo ya nchi, lakini katika mupira hatuliulizi: mutu akisimama mulangoni kwa ajili ya wote, siku yeye mwenyewe akianguka, nani anamulinda?

Tuanze na utoto wake. Alizaliwa mwaka wa 1971 katika jimbo la Minnesota, kaskazini ya Marekani, pahali pa theluji na baridi kali. Nyumbani walikuwa watoto tisa, yeye njo wa mwisho. Alipoanza mupira akiwa na miaka kama 12, alicheza katika ekipe ya wavulana, musichana ni yeye peke yake. Kocha akafikiri: huyu mutoto tumuweke wapi ili asiumie? Akamuweka golini. Kwa mawazo yake, golini njo pahali pa usalama. Mukumbuke hilo neno, tutalirudilia.

Alikua, akaenda chuo kikuu cha Massachusetts, na mwaka wa 1994 akaingia ekipe ya taifa. Huko alicheza mechi 173. Katika wachezaji 11 walioanza fainali ya 1999, mweusi alikuwa yeye tu. Musichana mweusi aliyekuwa mbele ya televisheni siku ile, kama alitafuta mutu anayefanana naye, aliona mumoja, na huyo alikuwa amesimama golini.

Lakini mbele ya ile fainali kuna jambo ambalo watu hawalisemi sana, na kwetu sisi njo lenye uzito zaidi.

Mwisho wa mwaka wa 1995, Olimpiki ya Atlanta ilikuwa inakaribia. Ilikuwa mara ya kwanza mupira wa wanawake kuingia katika Olimpiki. Federasyo ya Marekani ikaleta kontra. Ndani ya kontra iliandikwa kwamba wanawake watapata primu paka wakichukua dhahabu. Wanaume wao waliahidiwa primu kwa medali yoyote. Wanawake wakauliza: sisi tukileta ya fedha, tutakuwa tumefanya kazi ya bure? Wachezaji tisa wakakataa kutia sinyatiri. Golikipa Scurry alikuwa kati ya wale tisa, pamoja na Mia Hamm, Michelle Akers, Julie Foudy na wengine. Federasyo ikawaacha nje, haikuwaita mazoezini. Wakakaa nyumbani na Olimpiki iko karibu. Hawakuenda kuomba musamaha mumoja mumoja kwa mulango wa nyuma. Walibaki tisa, na federasyo ikarudi kuzungumza nao, na kontra ikabadilishwa: hata medali ya fedha italipwa. Kisha wakaenda uwanjani, wakafunga China 2-1 katika fainali, mbele ya watu zaidi ya 76 000, wakaleta dhahabu.

Hapa kwetu wazee wanaijua hadithi ya primu, na yetu haikumalizika vile. Mwaka wa 1974 Leopards walitoka kuchukua Kombe la Afrika, wakaenda Kombe la Dunia kule Ujerumani, wa kwanza kutoka Afrika iliyo chini ya Sahara. Walikuwa wameahidiwa mengi. Nyuma ya mechi ya kwanza na Scotland wakaelewa kwamba primu zao zimeliwa njiani. Walisema hawachezi tena. Wakasukumwa, wakacheza na Yugoslavia, wakafungwa 9-0. Golikipa Kazadi alitolewa nyuma ya magoli matatu, hata nusu saa haijafika, akaingia Tubilandu, naye akakula sita. Wale walikuwa chini ya Mobutu, na kwa Mobutu mutu hakugoma vile anataka. Lakini muangalie: miaka hamsini imepita, watu wangali wanachekelea ile 9-0, na ni wachache wanaouliza primu zilienda mufukoni mwa nani. Kosa la golikipa linaonekana na kila mutu uwanjani. La mwenye kukula primu linafanyika ofisini, mulango umefungwa.

Sasa tufike kwa ile fainali. Tarehe 10 mwezi wa 7 mwaka wa 1999, uwanja wa Rose Bowl, mudogo-mudogo wa Los Angeles, kama tungesema hivyo. Watu 90 185 ndani. Marekani na China, dakika 90, 0-0. Dakika 120, bado 0-0. Penalti. China ikapiga ya kwanza, ikaingia. Ya pili, ikaingia. Ya tatu akaja Liu Ying. Scurry alisema kwamba kwa kawaida hakuangalia mupigaji anapokuja, lakini huyu alimuangalia, na akajua. Akaruka upande wake wa kushoto, akautoa mupira kwa mikono. Ile njo penalti moja tu iliyokosa siku nzima. Zote zingine, za huku na za kule, ziliingia.

Tuseme ukweli wote, juu hatukuja hapa kutengeneza mutakatifu. Katika ile penalti Scurry alitoka mbele ya mustari wake kabla mupira haujapigwa. Sheria haikuruhusu. Yeye mwenyewe hakuficha, alisema magolikipa wote walifanya hivyo, na ni muamuzi wa kuona. Wachina wengi hawakufurahi mpaka leo, na wana haki ya kusema. Sisi tunapenda mutu anayesema "nilitoka mbele ya mustari" kuliko mutu anayesema kamera inadanganya.

Kisha Brandi Chastain akapiga penalti ya mwisho, ikaingia, akavua jezi kwa furaha, akapiga magoti. Ile picha ilizunguka dunia, ikakaa mbele ya magazeti makubwa. Chastain aliistahili. Lakini bila ule mupira wa tatu uliotolewa, ile picha haiko. Anayefunga anapigwa picha, anayezuia wanamukumbuka siku mupira ukimupita. Wale wenye kubaki nyuma, wenye kulinda vitu visianguke, kazi yao haina picha. Mama anayefanya watoto wasilale njaa, nani anapiga picha ya njaa ambayo haikuingia?

Na siku ya kupitwa ilifika. Katikati alichukua dhahabu ya pili kule Ugiriki mwaka wa 2004. Lakini mwaka wa 2007, Kombe la Dunia kule China, alikuwa na miaka 36 na nafasi ya kwanza ilikuwa imechukuliwa na golikipa mudogo wake, Hope Solo. Mbele ya nusu fainali na Brazili, kocha akamuondoa Solo aliyecheza mechi zote, akamuweka Scurry. Brazili ikafunga 4-0. Marekani ilikuwa haijapoteza mechi 51 katika wakati wa kawaida. Mara moja mbele ya kamera Solo akasema ule uamuzi ulikuwa mubaya na kwamba yeye angeyazuia yale magoli.

Solo alikuwa na sababu ya kukasirika: alitolewa bila kosa. Scurry naye hakujipanga mwenyewe: aliitwa, akaenda. Aliyepanga ni kocha. Lakini mugogoro wote ukawa wa wanawake wawili, mukubwa na mudogo, huyu kinyume cha huyu. Tunaujua huu mchezo, si kweli? Uamuzi unatoka juu, na huku chini tunabaki kutukanana sisi kwa sisi. Vijana wa hii kartiye na vijana wa ile. Mukiona wawili wanapigana, muulize kwanza nani aliandika orodha.

Scurry aliendelea. Akacheza mupira wa kulipwa na Washington Freedom. Na tarehe 25 mwezi wa 4 mwaka wa 2010, katika mechi na Philadelphia, akainama kuchukua mupira wa chini, na mushambuliaji akaja kwa mbio. Goti likamupiga kichwani, kando ya jicho la kuume. Muamuzi akaacha mchezo uendelee. Scurry akasimama. Akacheza mpaka mapumziko, anaona mambo mawili-mawili, anayumba. Akatoka, na hakurudi tena. Miaka ya kazi ikamalizika pale, kwa mupira ambao hata goli haukuingia.

Ndugu, ile ni mutikisiko wa ubongo. Damu haitoki. Mufupa hauvunjiki. Ukimuangalia mutu unaona muzima. Ndani, kichwa kinauma kila siku, mwangaza unachoma macho, kichwa kinazunguka, mutu anasahau kitu alichosoma dakika tano zilizopita. Kwa Scurry ilidumu zaidi ya miaka mitatu. Kampuni ya asiransi, ile bima ya kazi iliyopaswa kulipa matunzo, ikaanza kubishana naye. Daktari huyu, daktari yule, karatasi hii, karatasi ile. Wakati huo ligi ya wanawake iliyomuajiri ikafungwa kabisa mwaka wa 2012. Aliyelinda goli la taifa kwa miaka 14 akabaki katika chumba chenye pazia zimefungwa, bila mushahara, anangojea simu ya mutu wa bima.

Pesa zikaisha. Akachukua medali zake mbili za dhahabu, za 1996 na 2004, akaziweka rehani. Dola 18 000. Fikirini dhahabu iliyoimbiwa wimbo wa taifa, inapimwa juu ya meza ya mukopeshaji.

Na alifika pahali pa kutaka kujiua. Yeye mwenyewe amelisema mbele ya watu, kwa hiyo nasi tunalisema. Alisimama karibu na maji yanayoanguka, akafikiri. Kilichomurudisha ni mawazo ya mama yake. Tunaomba hapa: kama kuna mutu kati yetu mwenye mawazo ya namna ile, asibaki nayo peke yake. Aje kwetu, aende kwa yaya yake, kwa padri, kwa pasta, kwa munganga, kwa rafiki. Kusema si aibu. Huyu mwenye dhahabu mbili alisema.

Alitoka namna gani? Akakutana na mwanamuke mwenye kampuni ya mawasiliano, ambaye miaka ya nyuma wakaoana. Huyo akaleta watu wa kumusaidia, wakaiambia ile kampuni ya asiransi kwamba hadithi hii itatoka katika magazeti. Njia ikafunguka. Mwezi wa 10 mwaka wa 2013 akafanyiwa operesheni ya mishipa ya nyuma ya kichwa, na maumivu yakaanza kumuacha. Medali zake zikarudi. Mwaka wa 2014 akaenda kusema mbele ya bunge la Marekani juu ya watoto wanaogongwa vichwa katika michezo. Mwaka wa 2017 akachaguliwa kuingia katika nyumba ya heshima ya mupira wa Marekani, mwanamuke mweusi wa kwanza, na golikipa mwanamuke wa kwanza.

Tunafurahi. Lakini tusiende nyumbani na furaha tu. Kile kilichomuokoa si sifa. Sifa alikuwa nazo tangu 1999. Watu 90 185 walimupigia makofi, na hakuna hata kofi moja lililolipa munganga. Kilichomuokoa ni mutu wa kusimama naye na kusema kwa sauti: karatasi inasema mulipe, mulipe. Na kama kusingekuwa na karatasi? Hata ile ya kusema kwa sauti, angesema juu ya nini?

Turudilie lile neno la kocha wa utotoni: golini njo pahali pa usalama. Hakuna pahali pa usalama kwa sababu tu mutu mukubwa alisema. Usalama unatengenezwa, kwa sheria, kwa pesa iliyowekwa pembeni, kwa watu wanaoangalia.

Sasa kwetu. Mwaka wa 2024, kule Maroko, wanawake wa TP Mazembe walifunga AS FAR 1-0 na kuchukua Ligi ya Mabingwa ya Afrika. Mabinti wa Lubumbashi, mabingwa wa Afrika! Wasichana wengi waliona, na leo katika kartiye zetu utawaona wanatafuta viatu, wanatafuta ekipe. Muzuri sana. Njo saa ya kuuliza, wakati furaha iko ya moto. Dada yetu unayecheza, mbele ya kutia kidole kwenye karatasi yoyote, uliza mambo matatu.

La kwanza: kontra yangu iko wapi, na kopi yangu iko wapi? Neno la rais wa ekipe, hata kama ni mutu muzuri, linaondoka naye siku anapoondoka.

La pili: nikiumia, nani analipa hospitali, na mpaka lini? Iandikwe. Isiwe "tutaona". "Tutaona" njo ile primu ya 1974.

La tatu: kichwa changu kikigongwa, nani ana haki ya kunitoa uwanjani? Isiwe mimi, juu mutu aliyegongwa kichwa anasema "niko sawa" na haoni. Isiwe kocha anayeogopa kufungwa. Sheria za mupira zenyewe tangu 2024 zinaruhusu mashindano kutoa nafasi ya ziada ya kubadilisha mutu aliyegongwa kichwa, bila kula zile nafasi za kawaida. Na hata katika mashindano ya kartiye, hii haiombi franga hata moja: mutu akigongwa kichwa, akayumba, akashika kichwa, akauliza "tuko na ngapi?", atoke, na siku hiyo asirudi. Washabiki, sisi wenyewe tuache kupiga kelele "simama, wewe ni mwanaume!", "simama, usituuzishe!"

Mutasema: "Mimi nikiuliza hayo, watanifukuza, watamuweka mwingine." Kweli, inaweza kuwa. Ukiuliza peke yako. Wale wa 1995 hawakuuliza peke yao, waliuliza tisa, na kati yao golikipa, musambuliaji, na kapiteni. Federasyo ilijua haiwezi kufunga safari ya Olimpiki bila wao. Ekipe yenu ina wachezaji 11 na wa akiba. Mukae chini, muandike swali moja, mutie majina yote. Na sisi wengine, wenye kupiga makofi, tuko na kazi: tusinunue jezi ya ekipe inayoacha wachezaji wake hospitalini, tuulize mbele ya watu, na tuulize tena.

Mbegu inakawia. Mwaka wa 2022 federasyo ya Marekani ilikubali kulipa wachezaji wanawake dola milioni 24, na ikatia sinyatiri kontra mupya ya malipo sawa kwa wanawake na wanaume. Scurry alikuwa amekwisha kuacha mupira zamani. Mashtaka yale hayakuwa yake, pesa ile haikuwa yake. Lakini alikuwa kati ya wale tisa waliokaa nyumbani kwa baridi ya 1995, bila kujua kama wataitwa tena. Wadogo zake walikula tunda.

Nasi tunaweza kupanda bila kujua nani atakula. Lakini golikipa anayelinda wote asiachwe peke yake akianguka, hilo hatungojei wadogo zetu. Hilo tunalianza Jumamosi inayokuja, kwenye uwanja wetu wa vumbi, na ekipe yetu sisi wenyewe.